Picha za Karibu kwa Gharama Nafuu: Mlaji Apime Kabla ya Kulipa

Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Rau, Manispaa ya Moshi



Mlipoomba ofisi yetu ilete mtu wa kuzungumzia ulinzi wa mlaji, huenda wengi mlitarajia habari za mizani iliyochezewa au saruji iliyokwisha muda wake. Leo nitazungumzia jambo dogo zaidi, tena dogo kwa maana halisi ya neno: namna ya kupiga picha ya mdudu, doa la jani, ua, ushanga au maandishi ya lebo, ikaonekana kwa ukaribu na kwa uwazi, bila kumaliza fedha za nyumbani.

Picha za namna hii zimeingia katika maisha yetu. Mkulima wa nyanya humtumia afisa ugani picha ya jani lenye mabaka. Mwenye kihamba huko juu mlimani hupiga picha ya buni zenye madoa. Mama anayetengeneza shanga huonyesha kazi ya mikono yake kwa mnunuzi aliye mbali. Kijana anayeongoza wageni katika Msitu wa Rau hupiga picha ya uyoga au kipepeo chini ya mti wa msoo. Penye mahitaji hayo pamezuka soko la vibanio, lenzi na simu zinazotangazwa kuwa na kamera maalumu. Katika soko hilo kuna bidhaa njema, na kuna maneno matupu yaliyofungwa katika kiboksi kizuri.

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Msimu mmoja wa masika, nyanya za shangazi yangu, anayelima upande wa chini wa Rau, ziliingia mabaka ya kahawia kwenye majani. Afisa ugani alikuwa na vijiji vingi vya kuzungukia, akaomba atumiwe picha. Kwa kutaka kumsaidia shangazi, niliingia duka moja mjini nikanunua lenzi ya kubana kwenye simu, iliyoandikwa "20X", kwa shilingi 25,000. Sikuijaribu. Sikudai risiti. Nilikuwa na haraka, na muuzaji alikuwa na maneno matamu.

Picha zilizotoka zilikuwa na ukungu katikati, na pembeni zilivutika kama kitu kinachotazamwa kupitia kitako cha chupa. Afisa alijibu kwa uungwana kwamba hawezi kutofautisha kama ni ugonjwa wa baka jani au mdudu kanitangaze. Shangazi hakuweza kusubiri, akanyunyizia dawa ya ukungu mara mbili. Kumbe alikuwa kanitangaze, kiwavi anayekaa ndani ya jani na kulila kutoka humo, na dawa ya ukungu haimfanyi lolote. Sehemu kubwa ya shamba ikapotea pamoja na fedha ya dawa. Niliporudi dukani niliambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, nami sikuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba niliinunua pale. Ni mimi huyu, ambaye kazi yangu ni kuwaambia wengine wadai risiti.

Afisa ugani alipofika hatimaye, alitoa simu yake ya kawaida, akafuta lenzi kwa pindo la shati, akalishika jani likiwa limeelekezwa angani, akapiga. Mwanga ukapita ndani ya jani na kiwavi akaonekana kama kivuli ndani ya njia aliyoichimba, pamoja na vinyesi vyake vyeusi. Picha hiyo haikugharimu hata shilingi moja. Ndiyo maana nasema leo: kabla ya kununua ukaribu, tumia kwanza vile ulivyo navyo, na ukilazimika kununua, pima kabla ya kulipa.

Mambo yasiyogharimu fedha

Kila kamera ina umbali wa chini ambao ikiupita haiwezi tena kuona vizuri, kama vile jicho lisivyoweza kusoma gazeti lililogusa pua. Kwa kamera kuu ya simu nyingi umbali huo ni kama sentimeta 8 hadi 10, ingawa hutofautiana kutoka simu moja hadi nyingine. Kosa la kwanza tunalofanya ni kuisukuma simu karibu kupita kiasi. Jaribu hivi: isogeze simu taratibu kuelekea kidole chako hadi picha ianze kuwa na ukungu, kisha irudishe nyuma kidogo. Hapo ndipo mpaka wa simu yako. Piga ukiwa hapo, halafu ukate picha ibaki sehemu unayoitaka. Picha iliyokatwa ikiwa safi ina manufaa kuliko picha ya karibu yenye ukungu.

Jambo la pili ni mwanga. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, ni wakati mwema. Jua la mchana hutoa kivuli kizito upande mmoja na weupe unaoumiza macho upande mwingine. Ukilazimika kupiga wakati huo, tandaza kitambaa cheupe chepesi kati ya jua na jani ili kulainisha mwanga, kisha weka karatasi nyeupe upande wa kivuli ili irudishe mwanga kidogo. Taa ya simu yenyewe haifai sana kwa karibu, kwani hupausha kitu na huweza kutoa kivuli cha simu.

La tatu ni utulivu. Ukaribu hukuza kitu, na hukuza pia mtikisiko wa mkono na upepo. Egemeza viwiko juu ya jiwe, au laza simu juu ya mfuko mdogo uliojazwa mchele, ambao hapa Rau haukosekani. Tumia kipima muda cha kamera, sekunde mbili au tatu, ili kidole chako kisiitikise simu wakati wa kupiga. Jani linalopeperushwa lishikize kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti.

La nne husahaulika mno. Unapopiga kwa karibu sana, sehemu inayoonekana vizuri huwa nyembamba. Mbele yake na nyuma yake kuna ukungu. Kwa hiyo uso wa simu na uso wa jani vilingane, kama vitabu viwili vilivyosimamishwa sambamba. Ukimpiga mdudu kwa mshazari, utapata kichwa na kukosa mkia. Piga picha kumi, uchague mbili.

Picha inayoweza kutoa ushahidi

Mwenye kupokea picha hayupo shambani, hivyo picha ndiyo macho yake. Mtumie nne kwa utaratibu huu: mmea mzima, tawi au jani zima, sehemu yenye tatizo kwa karibu, na upande wa chini wa jani. Upande wa chini una siri nyingi. Kutu ya majani ya kahawa, kwa mfano, hujitambulisha kwa unga wa rangi ya machungwa unaokaa chini ya jani. Katika picha ya karibu weka rula pembeni, ili anayeitazama ajue kama doa lina milimita 2 au 20.

Fahamu pia alama zinazotafutwa. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa nchini mwaka 2017, ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba karibu na mwisho wa mwili wake. Picha isiyoonyesha kichwa wala sehemu hiyo ya nyuma itamwacha mtaalamu akibahatisha.

Na mtakapoituma kwa WhatsApp, mkumbuke kwamba programu hiyo hupunguza ukubwa wa picha ili isafiri upesi, na katika kupunguza huko vitu vidogo hupotea. Itume kama faili, yaani kupitia sehemu ya kuambatisha nyaraka, nayo itafika kama ilivyopigwa. Itakula bando zaidi kidogo, lakini bando hilo ni nafuu kuliko chupa ya dawa isiyohitajika.

Ukitaka kununua lenzi

Yapo mambo ambayo simu peke yake haiwezi. Mayai ya mdudu au utitiri huhitaji lenzi ya kukuzia. Wala si lazima iwe ya gharama. Katika karne ya 17, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aitwaye Antoni van Leeuwenhoek, alitumia lenzi moja ndogo aliyoitengeneza mwenyewe, akaona vijidudu vya majini ambavyo binadamu hakuwa amewahi kuviona. Lenzi moja nzuri hutosha. Ugumu ni kuitambua iliyo nzuri.

Nitawapa kipimo ambacho laiti ningekitumia siku ile. Ukuzaji unaoandikwa kwenye lenzi ya mkono hupatikana kwa kugawanya sentimeta 25 kwa umbali ambao lenzi hukusanya mwanga wa kitu kilicho mbali. Kwa hiyo, ukiwa dukani, simama upande wa ndani mkabala na mlango au dirisha. Shika lenzi mbele ya karatasi nyeupe na uisogeze mbele na nyuma hadi taswira ndogo ya vitu vya nje, iliyopinduka chini juu, ionekane wazi kwenye karatasi. Pima kwa rula umbali kutoka lenzi hadi karatasi, kisha gawanya 25 kwa umbali huo. Sentimeta 5 maana yake ni 5X. Sentimeta 2.5 ni 10X. Lenzi ya 20X inapaswa kuwa kwenye sentimeta 1 na robo. Na ukiona imeandikwa 100X, jiulize: ingedai milimita 2.5 tu. Utapigaje picha ya mdudu aliye hai shambani kwa umbali huo, huku simu yenyewe ikimtia kivuli?

Kipimo hiki ni cha makadirio, kwa kuwa lenzi nyingine zimeundwa kwa vioo kadhaa. Hata hivyo kinatosha kufichua uongo mkubwa. Nilipokuja kuipima ile ya kwangu ya "20X", nilipata karibu sentimeta 5. Nilikuwa nimelipia 20 nikapewa 5.

Kipimo cha pili ni cha ubora. Beba ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba. Bana lenzi kwenye simu, upige picha ya miraba hiyo, kisha uikuze kwenye kioo. Mistari ikipinda sana pembeni, au ikizungukwa na rangi za zambarau na kijani, jua kwamba utakuwa ukitumia eneo la katikati tu. Piga pia picha ya rula: kadiri milimita chache zinavyojaza upana wa picha, ndivyo ukuzaji ulivyo mkubwa. Ukiwa na lenzi mbili mezani, rula itazitofautisha bila ubishi.

Kwa matumizi ya shamba napendekeza lenzi ya 5X hadi 10X. Inaacha nafasi ya mwanga kuingia kati ya simu na jani. Wenye bajeti ndogo zaidi waangalie vitu vilivyokwisha kufa. Lenzi ya mkono ya fundi saa hufanya kazi ileile. Kipande cha kutazamia cha darubini iliyovunjika, na mji huu wa waongoza watalii haukosi darubini zilizovunjika, kikishikizwa mbele ya kamera ya simu hukuza vizuri. Kipimo cha karatasi na rula kinafaa kwa hivyo pia.

Tahadhari moja: usilitazame jua kupitia lenzi, wala usiiache lenzi juani mahali penye majani makavu au karatasi. Mwanga unaokusanywa huunguza jicho na huwasha moto.

Simu inayotangazwa kuwa na kamera ya karibu

Simu nyingi za bei ya chini huuzwa zikiwa na jicho la ziada linaloitwa kamera ya makro. Mara nyingi ni ya megapikseli 2, na nyingi kati ya hizo haziwezi kurekebisha umbali wake. Jicho hilo hukaribia kitu, lakini hurekodi mambo machache. Idadi ya macho nyuma ya simu isikushawishi. Ukiwa dukani, piga sarafu kwa jicho hilo, kisha uipige tena kwa kamera kuu ukiwa umerudi nyuma, uikate na kuikuza. Linganisha maandishi ya sarafu. Kamera kuu ikishinda, usilipie zaidi kwa ajili ya lile jicho la ziada.

Kwa simu yoyote, bonyeza *#06# ulinganishe namba ya utambulisho itakayotokea na ile iliyo kwenye boksi, na uihakiki kwa kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Wapo mnaokumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini kote. Waliozinunua kwa urahisi walibaki na vipande vya plastiki mikononi.

Vijana wenye kamera kubwa za mtumba nao wasikimbilie lenzi maalumu za karibu, ambazo bei yake huweza kuzidi ya kamera yenyewe. Ipo mirija ya kutenganisha lenzi na kamera. Haina kioo ndani, hivyo usikubali kulipia ubora wa kioo ambacho hakipo. Mrija wa milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 hukupa taswira yenye nusu ya ukubwa halisi wa kitu, nayo inatosha kwa kipepeo na ua. Ukinunua lenzi ya mtumba, mulika tochi kutoka upande mmoja utazame upande wa pili: nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui ni kuvu, na kuvu ndani ya lenzi ni gharama inayokusubiri.

Haki zako na wajibu wako

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mlaji ni risiti. Dai risiti halali ya mashine ya kielektroniki, hata kwa kitu cha shilingi elfu chache, na umwombe muuzaji aandike maelezo muhimu: aina ya bidhaa, ukuzaji alioutaja, na muda wa dhamana kama upo. Muuzaji anayekuapia kwa mdomo na kukataa kuandika amekwisha kukujibu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Maandishi ya ukutani yasemayo bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayampi muuzaji ruhusa ya kukuuzia 5 akaiita 20. Ukipata tatizo, rudi kwanza kwa muuzaji kwa staha, ukiwa na risiti, bidhaa, boksi lake na ile picha ya rula. Mkishindwa kuelewana, fikisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Kwa mambo ya simu na huduma za mawasiliano, wasiliana na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Kwa wanaonunua mitandaoni, hifadhi picha ya tangazo na mazungumzo yenu kabla ya kutuma fedha, kwani tangazo hufutwa kwa sekunde moja. Ikiwezekana, lipa baada ya kuipokea bidhaa na kuipima.

Kwa upande wetu tunao wajibu pia. Tusirudishe kitu tulichokiharibu wenyewe. Tusimchafue mfanyabiashara mwaminifu kwa kosa la kutokujua kutumia. Wapo wauzaji wengi hapa Moshi wanaokubali mteja ajaribu bidhaa mezani; hao tuwape biashara yetu.

Ndugu Mwenyekiti, shangazi yangu bado analima. Katika mfuko wa aproni yake sasa kuna rula ya mwanafunzi, karatasi nyeupe na lenzi ya mkono ya bei ndogo, ambayo aliipima mwenyewe mbele ya mlango wa duka huku muuzaji akimshangaa. Msimu uliofuata alipiga picha ya jani mapema, alipoona njia za kwanza za kiwavi, na jibu la afisa ugani lilikuja jioni ileile. Zile nyanya za masika hazikurudi, wala ile 25,000 yangu. Nimeileta ile lenzi hapa leo, iko mezani pamoja na rula. Mkimaliza kunisikiliza, karibuni muipime wenyewe.